Vijijini Wales: nyumba ya kisasa au ya mawe?

Nyumba kongwe ya mkulima, yenye kuta nene za mawe na paa la sleti, inapendeza, sikatai. Ila kuta hizo hazina uwazi wa ndani wa kujazwa kizuia-baridi, na mara nyingi bomba la gesi halifiki huko; unanunua mafuta ya kupasha joto, tangi likae uani. Ikiwa imeorodheshwa kama jengo la urithi, kubadili hata madirisha kunadai kibali.

Ya kisasa hushika joto, na zinazojengwa tangu 2016 sheria inadai ziwe na vinyunyizio vya kuzima moto. Bustani huwa finyu. Mwenye watoto wadogo ningemwambia achukue hii.

Kodi ya ununuzi haibagui: makao yako pekee yasiyozidi pauni 225,000 hayatozwi.