Kununua upinde wa mbao Arusha: anza na mshikio

Mnunuzi akiingia kwenye maduka ya vinyago Arusha, au akikaa na fundi seremala Moshi kutoa oda, swali lake la kwanza ni aina ya mti. Mti una maana, lakini mimi nauliza kwanza mkono utakaa wapi na mshale utapita wapi. Mti mzuri hauokoi upinde uliopangwa ovyo.

Beba tepu na penseli. Pima upinde ncha hadi ncha, weka alama katikati kabisa, kisha linganisha na mipangilio hii, kuanzia ninaoupenda zaidi.

1. Katikati iwe ndani ya mshikio. Mshikio una sentimita 10: 3 juu ya alama, 7 chini yake. Mshale unapita juu ya ngumi, kwa hiyo uko sentimita 3 tu kutoka katikati, na kiganja nacho kinasukuma karibu na hapo hapo. Upinde hauyumbi mkononi. Nusu ya chini, yaani sehemu inayopinda chini ya mshikio, inakuwa fupi kuliko ya juu kwa sentimita 4, hivyo fundi aiache ngumu kidogo kuliko ya juu. Kagua hivi: upinde ukiwa umefungwa ugwe (kamba yake) lakini haujavutwa, nafasi kati ya ugwe na mti iwe kubwa zaidi upande wa juu, kwa milimita chache tu. Ikiwa kubwa upande wa chini, geuza upinde juu chini upime tena; huenda muuzaji ameufunga kinyume.

2. Mkono katikati kabisa. Sentimita 5 juu, 5 chini, nusu zote sawa. Ndio rahisi zaidi kwa fundi ambaye hajawahi kutengeneza upinde, na ukitaka unaweza kuugeuza. Kasoro ni kwamba mshale unapanda sentimita 5 juu ya katikati, na nusu ya juu inabeba mzigo zaidi. Kwa kulenga shabaha uwanjani unatosha sana.

3. Mshale katikati kabisa, mkono wote chini yake. Kwenye karatasi unapendeza. Kwenye mti, nusu ya chini inafupishwa sentimita 10 na ndiyo inayochoka mapema. Kubali tu kama upinde ni mrefu kukuzidi kimo. (Wajapani wana yumi, wenye zaidi ya mita 2 na mshikio karibu theluthi moja kutoka chini, lakini huo una ufundi wake, usimwambie seremala auige kwa picha ya simu.)

4. Uliochongwa kikalio cha mshale, yaani mkato ubavuni, juu ya mshikio, ambapo mshale unakaa. Kikalio kinausogeza mshale karibu na mstari wa ugwe, hivyo hauchagui sana mishale. Tatizo ni kwamba umekata mti mahali penye mkazo. Mshikio usipokuwa mnene, uache dukani.

Bila kikalio, mshale lazima ujipinde kuuzunguka upinde unapoachiwa. Mshikio mpana unataka mishale inayopinda kwa urahisi zaidi. Mimi sipendi upana unaozidi sentimita 3. Mshale unakaa juu ya ngumi, kwa hiyo ncha ya mbele ya manyoya ifungwe uzi vizuri, la sivyo itakuchana.

Upinde usio na mshikio uliochongwa usikutishe. Pinde za Kiingereza zilizopatikana kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, hazikuwa nao. Hapo unaamua mwenyewe pa kushika, na alama yako ya penseli inatosha. Pinde za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni za wawindaji hasa na mara nyingi ni ngumu kuvuta. Anayejifunza asianze nazo.

Zile zilizofungwa shanga na ngozi kwa ajili ya watalii ni za ukutani. Upinde unaotaka kuununua, muombe muuzaji auvute mwenyewe taratibu, wewe utazame kama nusu zote zinapinda. Asiuachie ugwe ghafla bila mshale, mti unaweza kuvunjika. Na kumbuka, kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa.

Ukitoa oda, mwambie fundi aache mshikio mnene na mrefu kidogo. Utaupunguza kwa msasa baada ya kuujaribu kwa kupiga mishale.