"Svatý Václav" (1930): filamu bubu inayofaa ukumbi wa parokia

Jumuiya inayotafuta filamu ya mtakatifu ya kuonyesha hapa Moshi ianze na hii ya mwongozaji Jan S. Kolár, ambayo jina lake maana yake ni "Mtakatifu Václav". Ilitengenezwa kwa maadhimisho ya miaka 1,000 ya kuuawa kwa Václav, mtawala wa Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), lakini ikafika kwa watazamaji mwaka 1930, filamu za sauti zikiwa zimeshateka watu. Fedha nyingi zilimwagwa kwenye majengo, mavazi na majeshi, na zinaonekana.

Nguvu yake iko kwa wanawake wawili. Vera Baranovskaya ni Ludmila, bibi aliyemlea Václav katika Ukristo, akanyongwa Tetín mwaka 921. Dagny Servaes ni Drahomíra, mkamwana wa Ludmila na mama mzazi wa Václav. Mama mkwe na mkamwana wanagombea malezi ya mtoto: hilo mtu wa Uchagani hahitaji kutafsiriwa. Katikati filamu inalemewa na wakuu na vita, na asiyeelezwa mapema kwamba Boleslav ndiye mdogo wake Václav atapotea.

Maandishi ya kati, yale yanayojitokeza kwenye skrini badala ya sauti, ni ya Kicheki. Tafuteni tafsiri, iandikwe kwa Kiswahili kwa mfuatano, na msomaji mmoja ashike kipaza sauti. Asiige watafsiri wa kibanda umiza wanaojaza kila sekunde. Hapa uigizaji uko machoni, na maneno ya ziada yanauzima. Asome, anyamaze. Muziki wa Oskar Nedbal na Jaroslav Křička upunguzwe kidogo anaposoma, usizimwe.

Kosa linaloharibu zaidi ni umbo la picha. Filamu za enzi hizo zinakaribia mraba, 4 kwa 3. Projekta ikiachwa kwenye 16 kwa 9, nyuso zinapanuka na farasi wanakuwa wafupi. Rudisheni 4 kwa 3, mistari myeusi ya pembeni ibaki. Diski ya DVD ikitoka Ulaya, ijaribuni siku mbili kabla: DVD zimegawiwa kwa maeneo ya dunia yanayoitwa kanda, Ulaya ni kanda ya 2, sisi ni ya 5, na deki iliyofungiwa kanda yetu inaweza kuikataa.

Sikukuu ya Václav ni 28 Septemba. Mwezi huo jua la Moshi linazama kama saa 12:30 jioni, kwa hiyo ukumbi wenye madirisha ya vioo uanze saa 1:30 usiku. Mapema zaidi, matukio ya gizani yatakuwa kivuli kitupu ukutani. Watoto wadogo wasikae mbele: kuna mauaji.