Winchi mpya ya nanga, na kijana aliyeniambia "kumi ni kumi"

Natoa nyota moja, na hata hiyo ni ya utingo wa basi aliyefikisha mzigo Kisumu bila kuupasua. Duka lenyewe liko Mombasa. Silitaji jina, maana nikianza kulitaja nitaongeza na mengine.

Winchi ya zamani ilikufa kifo cha kawaida. Mota ilianza kunuka moshi, ikaanza kuchagua siku za kufanya kazi, mwisho ikanyamaza kabisa. Boti yangu ya mota hupeleka wageni visiwa vya Rusinga na Mfangano, Ziwa Victoria, na ina nanga ya kilo 20 kwenye mnyororo wa milimita 10, ambao ni kilo mbili na kitu kwa kila mita. Mtu asiniambie habari za kuvuta kwa mkono. Mgongo una mwenyewe.

Kuhusu nguvu ya winchi, hesabu haina siri: jumlisha uzito wa nanga na mnyororo wote, zidisha kwa tatu, basi. Yangu ilitoka chini kidogo ya kilo 270, na ya wati 1,000 ikatosha. Kijana wa duka akang'ang'ana kuniuzia ya 1,500, "kwa usalama." Usalama wa nani? Betri zangu ni za volti 12. Wati 1,000 tayari ni zaidi ya ampea 80, na waya zinatoka nyuma kwenye injini mpaka omo. Waya nene za shaba za urefu huo si pesa ya kuchezea. Nikakataa. Nikachukua ya kusimama badala ya ya kulala kama ile iliyokufa, kwa sababu kwenye ya kusimama mnyororo hulizunguka gurudumu la winchi nusu nzima, wakati kwenye ya kulala ni robo tu, kwa hiyo unashikwa vizuri zaidi. Haya yote niliyajua kabla sijapiga simu. Sikuhitaji somo.

Nilichohitaji kwake ni kitu kimoja, gurudumu linalolingana na mnyororo wangu. Lile gurudumu lina vishimo vya kupokea pete za mnyororo, na mnyororo wa milimita 10 uko wa aina mbili, kwa viwango viwili vya utengenezaji. Wa DIN 766 una pete zenye nafasi ya milimita 28 kwa ndani, wa ISO 4565 ni milimita 30. Ukiushika mkononi huoni tofauti. Winchi inaiona. (Wenye milimita 8 mshukuruni Mungu, kwenu zote mbili ni 24.) Nikaingiza kalipa, kile kipimo cha milimita, ndani ya pete, nikapiga picha, namba thelathini inasomeka waziwazi, nikamtumia kwa WhatsApp. Tiki za buluu hizo hapo. Nikampigia simu tena kuhakikisha. Sauti yake bado iko masikioni mwangu: "Mzee, kumi ni kumi. Wewe tuma pesa."

Pesa nikatuma.

Ilipofungwa, nikaijaribu hapa Dunga, Kisumu, ikavuta bila neno. Lakini Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, na nanga ilikuwa kwenye tope mita chache tu chini. Hata kuku angeing'oa. Siku ya siku ilikuwa Mfangano, alasiri, wingu jeusi linajikusanya, ndani nina familia ya watu na nyanya yao. Nikabonyeza kitufe. Mnyororo ukapanda kidogo, halafu nikasikia ka! ka! ka!, kila pete ikipanda ukingo wa kishimo na kuteleza. Mara ukaruka wote na kurudi ziwani kwa kishindo, na kama mguu wa mtu ungekuwa pale sijui leo ningekuwa naandika nikiwa wapi. Mota yenyewe iliendelea kuzunguka kwa raha zake, haina habari.

Kijana wangu akashika usukani, mimi na mjukuu wa yule nyanya tukavuta kwa mikono, upepo ushaanza kutupiga mawimbi ubavuni. Nyanya alikuwa ametulia ameshika koti la kuokolea. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo mashine ni ya mapambo?"

Nikampigia yule kijana wa duka hapohapo, maji yakinichuruzika mpaka kwenye viatu. Hakuuliza kama kuna aliyeumia. Kwanza akadai nilikuwa navuta boti kwa winchi. Mimi! Injini ilikuwa ikiisogeza boti mbele polepole muda wote, kama inavyotakiwa, winchi ikiokota mnyororo uliolegea tu. Na nikiwa nimetia nanga, uzito huwa naubebesha kizuizi cha mnyororo, sijawahi kuuacha kwenye winchi hata usiku mmoja. Aliposhindwa hapo akacheka, akasema: "Kwani ninyi wa ziwani si mnatumia jiwe?"

Ndiyo. Wavuvi wa Dunga wanatumia jiwe, na jiwe halijawahi kuwaruka. Na hilo "ziwa" analolitamka kama vile ni beseni la kufulia lina kilomita za mraba kama 68,000. Chukua Unguja, ongeza Pemba, zitumbukize humo, utazitafuta. Angekuja alasiri moja tu mlango wa ghuba pale karibu na Mbita wakati upepo umegeuka, halafu anifundishe nani anastahili winchi na nani anastahili jiwe.

Gurudumu alilonitumia lilikuwa la milimita 28, na la milimita 30 lilikuwepo. Lilikuwa rafuni dukani kwao muda wote! Nikalipishwa upya, na la kwanza wakakataa kulipokea eti "limeshatumika."

Sasa ngoja niseme ukweli, ingawa unaniuma. Tangu gurudumu sahihi lifungwe, sijawahi kuwa na mashine tamu kama hii. Haipigi kelele, haisiti. Mnyororo unapanda na tope na magugu maji yamening'inia, kijana wangu anayachomoa kwa ndoano huku anaumwagia maji kwa ndoo, na winchi haijaruka pete hata moja. Kwa mashine peke yake natoa nyota tano. Aliyeiunda, popote alipo, Mungu ambariki.

Kwa hiyo nyota nne. Lakini nikimkumbuka yule kijana anavyocheka, tatu. Na juzi nimetuma ujumbe kuuliza bei ya swichi ya akiba, tiki za buluu, kimya. Rudisheni ile moja.

Gurudumu la milimita 28 bado ninalo, zima, limefanya kazi alasiri moja tu. Mwenye mnyororo wa DIN na winchi ya kusimama ya wati 1,000 anitafute Dunga. Aje na kipande cha mnyororo wake tulijaribu kwanza. Bei tutaelewana, ila asiniambie kumi ni kumi.