Mtwara siku mbili na nusu: nilipokula vizuri na nilipolizwa

Nimerudi juzi kutoka Mtwara, tulipeleka posa ya mdogo wangu, siku mbili na nusu tu. Kabla sijaenda niliuliza watu kama watano hivi huko mtu anakula wapi, wote jibu moja, "we nenda tu, samaki wapo". Hilo jibu ndo lililoniponza. Samaki wapo kweli, tena wa kumwaga, ila wana saa zao, na ukikosea saa unakula chipsi mayai kama uko Morogoro stendi.

Naanza na maumivu. Basi tulipanda Dar alfajiri, tumefika jua linazama, migongo imekufa (ile barabara sehemu za Somanga kule Kilwa, kila mvua ikizidi wasafiri roho juu), njaa inauma, nikawaambia wenzangu leo tunajipongeza tunaenda hoteli ya maana ufukweni huku Shangani. Jina silitaji. Menyu imejaa: kamba, ngisi, pweza wa nazi, kaa, mpaka picha zao. Naagiza kamba, hamna. Ngisi, hamna. Pweza je? "Labda kesho kaka." Kilichopo ni chipsi kuku na samaki mzima wa kukaanga, haya leta samaki, tukasubiri saa nzima na dakika 40, soda mbili mbili zimekwisha, mzee wetu mmoja kalala kwenye kiti kabisa, samaki anakuja nje kaungua ndani bado ana ubaridi wa friza. 28,000 kwa sahani. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu sana sina ugomvi nae, akatuletea na ndimu za ziada kama kifuta machozi, lakini aisee, uko mita hamsini kutoka baharini unakula barafu.

Kesho yake nikamsimulia shemeji mtarajiwa, kaka wa binti, anaendesha bajaji pale mjini. Akacheka mpaka akasimamisha bajaji. "Shemeji, si ungenipigia saa nne asubuhi? Saa moja usiku samaki gani wa kukaangwa unamtafuta wewe?" Kuanzia hapo nikamkabidhi tumbo langu na sikujuta.

Kulala sasa, nipite haraka. Vyumba Mtwara bei chee kuliko nilivyotegemea, 35,000 tumepata chumba cha kiyoyozi na chai. Shemeji anasema miaka ile joto la gesi limepanda kila mwenye kiwanja alijenga gesti akisubiri wazungu wa mitambo, bomba likaenda zake Dar, gesti zikabaki. Kwa hiyo lala unapotaka, ila ukiuliza "chakula kipo?" wakajibu "kipo chochote" we ondoka.

Asubuhi ndo nikaonja ming'oko. Wa kusini wataniona mshamba lakini wengi wetu huku bara hatuijui. Ni vizizi vyembamba vya porini, vinachimbwa, havipandwi, vinachemshwa na maganda yake, kina mama wanavipanga mafungu mafungu. Unamenya kwa kidole au unakamua kwa meno, ndani nyeupe, ladha iko katikati ya kiazi kikuu na muhogo mchanga lakini ina utamu wake wa mbali hivi ambao hauutegemei kwenye kitu kinachofanana na mzizi wa mti. Tulinunua fungu la 1,000 na chumvi ya pilipili tukala juu ya bajaji na chai ya kikombe cha plastiki. Mama aliyetuuzia alimwona mdogo wangu anamenya kwa kisu cha mfukoni akamwambia "mwanangu unaioperesheni?" Kule wanaila kama sie tunavyokula karanga, mtu anaongea na wewe huku anamenya, maganda chini, dakika kumi fungu limekwisha hajui. Ina msimu, ukikuta imeisha ndo imeisha, na asubuhi ndo ya moto.

Saa nne tukashuka feri, soko la samaki. Hapa ndo nilipoelewa kicheko cha shemeji. Boti zilizokesha baharini zishaingia, samaki yuko chini anang'aa: changu, tasi, kolekole, vibua, ngisi bado wanabadilika rangi, mnada unaenda kwa kelele ambazo mgeni huambulii kitu, kwa hiyo usijitie ujuaji kununua mnadani, nunua kwa mchuuzi wa pembeni na uende na mtu wa pale. Sisi tulichukua changu wanne wa wastani kwa 16,000, tukampa mama mwenye karai hapo hapo akawaparua, akawakata mistari, chumvi, ndimu, ndani ya mafuta. Ujira wake 500 kwa kila samaki. Tumekaa kwenye benchi lenye mguu mmoja wa tofali, samaki anakuja kwenye sahani ya bati na muhogo wa kukaanga na kachumbari, watu wanne tumeshiba kabisa kwa pesa isiyofika bei ya sahani moja ya jana. Kasoro zipo, nzi wapo wa kutosha, choo usiulize, na maji ya kunawa ni kopo moja la watu wote. Mwenye roho nyepesi aende na maji yake.

Mchana ukikaribia kimbia kwa mama ntilie. Wetu yuko mitaa ya karibu na soko kuu, kibanda cha bati hakina hata bango, meza tatu. Wali nazi na samaki wa kuchemsha 4,000, sawa, mzuri, lakini mimi nawaambia achaneni na wali, wali mtaukuta popote, ulizeni ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na mkibahatika ulizeni mboga ya korosho changa. Hii sikuwahi kuijua. Korosho ikiwa bado laini haijakauka wanaipika na nazi inakuwa rojo zito, unamega tonge unachovya, mdomo unajaa mafuta ya korosho na nazi kwa pamoja mpaka unahisi ni dhambi. Mzee wetu aliyelala hotelini jana yake alikula sahani mbili na kuomba afungiwe. Saa nane kasoro sufuria zote zilikuwa zimeoshwa. Waliokuja nyuma yetu, vijana wa malori ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini, waliambulia chai na chapati, na lawama walimpa mama, wakati kosa la saa ni lao.

Jioni ya siku hiyo wazee wakawa na mambo yao ya posa, sisi vijana tukapewa ruhusa, tukaenda Mikindani. Daladala zipo, ni kama kilomita 10 tu, barabara inapinda na ghuba unaiona yote, ukibahatika kukaa dirishani upande wa maji umeshalipwa nauli yako. Mji wenyewe wa zamani haswa, nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchonga, nyingine zimebaki kuta na mti umeota sebuleni. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko juu kidogo, lilikarabatiwa likafanywa hoteli, jeupe, kiukweli linapendeza. Kuna na nyumba yenye kibao cha Livingstone, yule bwana alianzia hapa Mikindani mwaka 1866 safari yake ya mwisho na hakurudi tena pwani akiwa hai, watumishi wake kina Chuma na Susi ndo waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Mtoto mmoja wa darasa la tano hivi alitusimulia yote hayo bila kumeza mate akamalizia "naomba mia tano ya daftari". Tulimpa, alikuwa na ukweli kuliko waongozaji wengi niliowahi kuwalipa. Saa moja na nusu inatosha kuzunguka. Chakula cha kule sikukijaribu, tulikuta kahawa na kashata kwa wazee wa bao na hiyo ikatosha.

Na kama unajiuliza kwa nini Mtwara mjini barabara pana hivyo na mitaa imeachana mbali mbali mpaka kila kitu unahitaji bajaji, ni kwa sababu mji wenyewe Waingereza waliupanga kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga baada ya vita kuu ya pili. Bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea, mambo makubwa. Karanga zikagoma, reli ikang'olewa, bandari ikabaki na ndo inayosomba korosho mpaka leo. Bajaji ndani ya mji tulikuwa tunalipa 1,000 mpaka 2,000, patana kabla hujakaa.

Siku ya pili ilibidi tuchague ufukwe, Msimbati au Msangamkuu. Msimbati ndo wanayoisifia wote, mchanga mgumu mpaka magari yanapita juu yake, iko ndani ya hifadhi ya bahari, na gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa upande huo huo mwaka 1982. Kuna hadi historia ya Mwingereza mmoja mstaafu aliyejitangazia nchi yake pale mwishoni mwa miaka ya hamsini, mwenyewe na minazi yake! Lakini ni zaidi ya kilomita 40, unataka gari na siku nzima, sisi tulikuwa na nusu siku na mahari ya kuhesabu. Tukavuka Msangamkuu kwa kivuko, MV Mafanikio, dakika chache umefika, upande wa pili mchanga mweupe, minazi, maji yametulia. Ila angalia maji yanajaa saa ngapi. Sisi tulifika yamekupwa, tukatembea kwenye majani ya bahari mpaka tukachoka na maji bado yako magotini, mdogo wangu aliyenunua kaptula mpya ya kuogelea akaishia kupiga nayo picha. Pale chakula ni cha kuagiza mapema, narudia, mapema, ukifika tu agiza ndo uende majini. Sisi tuliagiza saa tano, tukala saa saba pweza wa nazi na wali, 7,000, laini, hajawa mpira. Hapo sina la kulalamika.

Kanisa la Mtakatifu Paulo kule Majengo tulipita dakika ishirini tu, michoro ya ukutani ya habari za Biblia imejaa kuta, kazi ya padre Mjerumani anaitwa Polycarp Uehlein. Hata sisi Waislamu wawili kundini tulisimama tukaangalia. Vinyago vya Kimakonde mimi nilidhani nitavikuta kila kona, wapi, nadhani vingi vilishahamia Mwenge Dar zamani.

Usiku ndo zamu ya pweza wa mezani, vijana wenye taa na sufuria ya supu, kipande 500 na kijiti, pilipili ya ndimu unajimiminia. Supu kikombe 1,000. Waliokuwa wanamtania bwana harusi mtarajiwa kuhusu hiyo supu siwataji, mmojawao ni baba yangu mdogo. Usichelewe saa tatu, pweza wakubwa huwa wameshaisha unabakiziwa vidole.

Kurudi, basi likasimama Mnazi Mmoja pale njia panda ya Lindi, wauzaji wakalivamia madirishani. Korosho kilo wakasema 20,000, tukapatana 18,000. Jihadhari na kitu kimoja, ile ya kuonjeshwa wanatoa kwenye kopo la nzima nzima, ya kwenye mfuko chini imejaa vipande, kwa hiyo geuza mfuko kwanza, na kama dereva anapiga honi ndo unahimizwa hela basi usiitoe. Mimi niligeuza, nikapata nzima. Nilikuwa nimezinunua za kupeleka nyumbani, zikaishia njiani Nangurukuru.