Mafundi wa "umeme, jipsam na kamera": nyota 1, na hiyo ni ya jipsam

Naandika kwa wanaojenga au kukarabati huku Dar, hasa upande wetu wa Kimara, Mbezi na Goba, maana tangazo lao naona bado linazunguka kwenye magrupu ya wasap. Jina sitaji, sitaki kuitwa polisi. Ila ukikuta kampuni inafanya umeme, jipsam, kamera, fensi ya umeme, taizi na "ushauri wa ramani" vyote kwenye namba moja ya simu, jiongeze.

Kazi tuliyowapa ilikuwa kupiga wayaringi upya vyumba vya nyuma, jiko na mabafu mawili, kila bafu na shawa ya maji moto, vifaa wanaleta wao na ufundi tunalipa kwa pointi, yani kwa kila taa, swichi au soketi. Walikuja wakati waliosema, wamevaa tisheti zinazofanana, wana lugha nzuri, wakimaliza wanafagia. Na niseme ukweli kwa macho nyumba ilipendeza, swichi zimekaa sawa, taa za kwenye seling zimepangika, yule kijana wa jipsam kazi yake hadi leo naisifia.

Sasa ukienda kusoma maoni ya wateja wao ni nyota tano tupu, "kazi safi", "wako fasta", na mi nawaelewa kabisa hao wateja, maana watu wanatoa nyota siku taa zimewaka. Taa kuwaka ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye umeme. Umeme uliofungwa hovyo unawasha taa vilevile, feni inazunguka, friji inagandisha, LUKU inasoma kama kawaida. Sehemu kubwa ya hela unayomlipa fundi ni ya vitu ambavyo huvioni na vinakaa kimya miaka, ukubwa wa waya, ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), breka ya saizi yake, na kama havipo hutajua mpaka siku kitu kingine kiharibike. Kwahiyo nyota za siku ya makabidhiano mi sizihesabu tena.

Kwetu ilianza na breka. Ukiwasha shawa, baada ya muda taa za upande ule wote zinazima, unaenda kupandisha breka, unarudi na povu kichwani. Tukawaita. Kijana akaja akaangalia meni swichi akasema breka iliyowekwa mbovu, "hizi za siku hizi laini sana bosi", akatoa ya ampea 10 akaweka ya 32. Hapo taa zikaacha kuzima, mume wangu akampa na hela ya soda.

Someni hapa taratibu maana hii ndo sehemu inayochoma nyumba za watu. Shawa ile imeandikwa ubavuni wati 5500. Gawanya kwa volti 230 unapata kama ampea 24. Na wao waliichomeka kwenye laini ya taa, waya wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba), ambao kwa ndani ya paipu unabeba labda nusu ya hizo ampea 24 na kitu hivi bila kupata moto. Breka ya 10 haikuwa mbovu hata kidogo, ilikuwa inapiga kelele kwamba waya umezidiwa. Breka haipo pale kulinda shawa wala taa, ipo kulinda waya uliojificha ukutani na juu ya seling. Ukiweka ya 32 kwenye waya wa 1.5 umeiambia ikae kimya mpaka waya uungue kwanza. Tena huyo kijana hakusita hata kidogo, alikuja nayo mfukoni, inaonekana ni dawa yao ya kila mahali.

Baada ya hapo mama mkwe akaja kutoka Moshi. Maji baridi hawezi, kwahiyo shawa ikawa inafanya kazi asubuhi na jioni. Siku moja anatoka bafuni anasema "hili bomba lenu linaniuma". Binti anayetusaidia nyumbani akasema hata yeye, ukishika koki wakati shawa inawaka unasikia inakutetemesha vidole. Nikampigia bosi wao, na jibu lake nalinukuu kama lilivyo: "Dada hiyo ni kawaida, maji na umeme vikikutana lazima viwashe kidogo, mwambie mama avae ndala."

Avae ndala!

Nikazima meni swichi nikaanza kuulizia fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, wale wanaosimamia nishati na maji, safari hii, na leseni yenyewe niione, sio kuambiwa "tunayo ofisini". Akaja mzee mmoja mtaratibu, kasoma VETA Chang'ombe enzi hizo, akatoa kadi bila kuombwa mara mbili, jina lake lipo, daraja lipo, tarehe ya kuisha ipo. Kitu cha kwanza alichonifurahisha hakugusa swichi hata moja mpaka ameuliza nani alifunga, lini, na nini kilibadilishwa baada ya hapo. Nilivyomwambia habari ya breka ya 32 akavua miwani akaifuta.

Akaniita kwenye meni swichi. "Mama njoo uone mwenyewe usije ukasema nakutafutia kazi." Kuna ile breka pana yenye kitufe kimeandikwa T, ambayo kazi yake ni kukata umeme haraka ukianza kuvuja kwenda ardhini hata kwa miliampea 30 tu, yani ndo inayokuokoa wewe mwenyewe ukigusa laivu, ule waya wenye moto. Akabonyeza T, ikaanguka vizuri tu. Lakini taa za nyumba nzima zikabaki zinawaka. Nikadhani ndo sawa, akacheka. Walikuwa wameiruka! Nyaya za vyumba wameziunga upande wa umeme unaoingia, kwahiyo ile breka imekaa pale kama bango la "mbwa mkali" kwenye nyumba isiyo na mbwa. Kwanini waliiruka? Kwasababu ilikuwa inakata kila wakijaribu kuwasha. Na ilikuwa inakata kwasababu waliunga ethi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) pamoja ndani ya boksi la shawa.

Hiyo ya ethi na nyutro nilimwomba anieleze mara mbili. Waya wa njano na kijani unatakiwa utoke kwenye mwili wa kifaa uende mpaka kwenye rodi iliyopigwa ardhini, nje. Wao laini ya taa waliyoikuta haikuwa na waya wa ethi, badala ya kuvuta mwingine wakaunga ule wa shawa kwenye nyutro hapohapo bafuni, kwa macho unaona waya wa kijani umefungwa unaridhika. Sasa nyutro ikilegea kokote njiani, na pale ilikuwa imeshalegea kwa joto la kuzidiwa, umeme unaokosa njia ya kurudi unakaa kwenye mwili wa shawa, kwenye maji, kwenye koki. Ndo uliokuwa unamuuma mama. Ingekatika kabisa angeshika volti 230 akiwa amelowa, miguu kwenye sakafu ya maji. Na ndala.

Rodi yenyewe tukaenda kuitafuta nje. Kuna kishimo kimesakafiwa vizuri, kifuniko kipo, waya umeingia. Mzee akauvuta kidogo kwa mkono ukatoka na kipande cha rodi kama inchi sita. Rodi nzima ni futi nne, na sisi tulilipia rodi nzima, risiti ninayo, hiyo nyingine sijui iko kwenye nyumba ya nani na yeye amelipishwa rodi nzima.

Juu ya seling ndo usiseme. Hakuna boksi hata moja la maungio, nyaya zimesokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, kwenye laini ya shawa tepu imeyeyuka ikagandia kwenye chaneli ya chuma ya jipsam. Swichi ya stoo inakata nyutro badala ya laivu, kwahiyo ukizima taa ukapanda kubadilisha balbu holda bado ina moto. Nyaya nyingine akazikwangua zikaonyesha weupe ndani, shaba imepakwa juu tu. Akapiga mega, kile kipimo cha kuona kama waya unavujisha umeme, kila laini, ile ya shawa ikafeli kabisa.

Wengine mtauliza mbona TANESCO waliunga. Nyumba iliungwa zamani kabla ya hawa, na hata hivyo baada ya mita ni juu yako mwenye nyumba. Hata kwa nyumba mpya, ile fomu ya maombi iliyokuwa inatakiwa kugongwa mhuri wa mkandarasi, hawa jamaa walishaniambia wenyewe kwa kujisifu kwamba mhuri "unapatikana" hata mwenye mhuri asipofika saiti. Hao ndo vishoka, yani mafundi umeme wasio rasmi, wa siku hizi, hawatembei na bisibisi mfukoni wakivizia nguzoni, wana ukurasa wa insta na kadi za biashara.

Mzee amevuta laini mpya ya kila shawa moja kwa moja kutoka meni swichi, waya wa 6, breka yake peke yake, swichi ya kukata pande zote mbili iko nje ya bafu. Rodi mpya nzima tumeshuhudia ikizama. Breka ya T sasa ukiibonyeza nyumba nzima inazima, mama mkwe anaibonyeza yeye mwenyewe kila mwanzo wa mwezi, hataki mtu mwingine. Yeye mzee nampa nyota 4, moja nimeitoa kwasababu simu hapokei na jipsam aliyokata kaacha wazi, anasema yeye ni fundi umeme. Kwa gharama, kurekebisha kumetutoka karibu mara mbili ya tulichowalipa wale wa kwanza, maana kubomoa nako ni kazi.

Kuhusu hela yetu hawajarudisha hata mia. Niliwatumia picha za tepu iliyoyeyuka na kile kipande cha rodi, ikasomwa, tiki mbili za bluu, kimya. Nilipowaambia naandika ndo bosi akapiga simu siku hiyohiyo, mpole kweli, akasema dada tusifike huko, nisipoandika watanifungia kamera nne kwa punguzo la asilimia ishirini.