Kiwanda cha mafuta cha Changamwe: gesi safi, petroli ghali

Nimeuza mafuta kwenye sheli za Mombasa tangu ujana mpaka nikastaafu, kwa hiyo bidhaa za kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe nimezipokea kwa mikono yangu, sikusimuliwa. Siku hizi kikitajwa, wengi husema "kile kilichokufa" basi wakaendelea na mengine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nianze na petroli. Lori likifika, kabla dereva hajashusha hata tone, unakagua sili, unapanda juu, unatumbukiza fimbo ya dipu iliyopakwa ile dawa inayogeuka rangi ikigusa maji. Kisha unachota kidogo kwenye chupa safi, unainua juani. Kwa ukaguzi huo, mzigo wa Changamwe sina la kuulaumu, ukiacha ile risasi, yaani madini ya ledi, iliyokuwamo mpaka Kenya ilipoipiga marufuku mwanzoni mwa 2006.

Kilichoudhi ni bei. Shell na BP waliianzisha kampuni ya kiwanda hicho mwaka 1960 kwa jina la East African Oil Refineries. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1963, wa pili 1974. Serikali ilinunua nusu ya hisa 1971, na jina la Kenya Petroleum Refineries likaja 1983. Kwa miaka mingi kiwanda hakikuwa na mafuta yake: kampuni za mafuta zilileta mafuta ghafi, yaani yasiyosafishwa, kutoka Ghuba, Murban ya Abu Dhabi ikiwemo, zikalipia kusafishiwa. Tena sheria ilizilazimisha kupitisha sehemu ya mzigo wao pale. Mkahawa wenye wateja wa kulazimishwa haununui sufuria mpya.

Na sufuria zilikuwa kuukuu kweli. Kazi kubwa ya mtambo ilikuwa kuchemsha na kutenganisha. Haukuwa na sehemu ya kuvunjavunja mafuta mazito yawe petroli au dizeli. Basi sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka nzito na nyeusi, ya kuuzia mitambo ya umeme kama ya Kipevu na tanuri za viwandani, kwa bei ya chini kuliko ghafi yenyewe. Pengo hilo likajazwa na mteja wa pampu. Petroli naipa nyota mbili.

Gesi ya kupikia ndiyo iliyokuwa fahari yao, na hapa natoa nne bila kusita. Ilitoka papo hapo, ikajazwa mitungini bila kungoja meli. Thamani yake ilionekana kiwanda kilipofungwa kwa matengenezo: mitungi ikaadimika hadi Nairobi, maana sehemu za kupakulia gesi ya meli zilikuwa ndogo mno.

Mwaka 2009 Essar ya Wahindi ilinunua nusu iliyokuwa ya Shell, BP na Chevron, na ukarabati wa zaidi ya dola bilioni moja ukazungumzwa sana. Haukufanyika. Julai 2012 kiwanda kikatakiwa kujinunulia ghafi na kuuza chenyewe, kampuni zikakataa bei zake, na Septemba 2013 usafishaji ukakoma. TIPER, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kigamboni, Dar es Salaam, kilikuwa kimetangulia kufungwa zamani. Serikali ilichukua nusu ya Essar 2016 kwa dola milioni 5 tu.

Kilichobaki ni matangi, ya zaidi ya lita milioni 400, na kusema kweli yanafanya kazi. Kuanzia 2018 mafuta ya Turkana yaliletwa hapo kwa malori, zaidi ya kilomita 1,000, yakitunzwa na joto lake njia nzima kwa sababu yana nta na yakipoa yanaganda. Agosti 2019 mapipa 200,000 ya kwanza yakauzwa nje, ghafi vilevile. Uchungu wa hilo siwatupii wenye matangi, wao walihifadhi walichopewa.

Kampuni ya bomba, KPC, ilikichukua kiwanda kizima mwaka 2023. Matangi nayapa nyota tatu. Wanazungumzia kujenga hapo hifadhi kubwa ya gesi ya kupikia. Wakiijenga nitaongeza ya nne.