Niliambiwa "inakubali DirectX 12"

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe mapema. Nyota moja. Ningepewa nafasi ya kutoa nusu ningetoa nusu.

Nilinunua mashine ya gemu Kariakoo, mtumba. Duka liko ghorofani, ngazi za giza, ukifika juu unahema na nguvu ya kupatana bei imeshakuisha. Jina silitaji, maana jirani yake wa kulia na wa kushoto wanauza vilevile na kwa maneno yaleyale. Ilikuwa baada ya sikukuu, hela bado ina joto mfukoni. Deskitopu iliyokuwa ya ofisi huko ilikotoka, ikapitia Dubai, na ndani yake wameichomekea kadi ya grafiki ya gigabaiti mbili. Laki tano na nusu. Mimi nilianza na laki nne, kijana akanitazama kama nimemtukania mama yake.

Mtumba sina ugomvi nao. Shati nililovaa sasa hivi ni mtumba. Ugomvi wangu uko kwenye kidole.

Iko hivi. Mpwa wangu alikuwa ameniandikia kwenye kikaratasi vitu vya kuuliza, na kimoja alikipigia mistari miwili chini: DX12, yaani DirectX 12, lugha ambayo gemu inaitumia kuongea na kadi ya grafiki. Nikamuuliza kijana wa duka, "Mdogo wangu, hii inakubali DirectX 12?" Hakunijibu kwa mdomo. Alivuta kibodi, akaandika dxdiag, kile kikaguzi cha DirectX kilichomo ndani ya Windows, dirisha likafunguka, kisha akaweka kidole chenye kucha ndefu juu ya kioo, mstari wa mwisho kabisa chini: DirectX Version: DirectX 12. "Soma mwenyewe, bosi." Nikasoma mwenyewe. Nikalipa mwenyewe. Bodaboda wa kunibebea mzigo nikamtafuta mwenyewe vilevile.

Gemu ya mpira tuliishusha usiku tatu mfululizo, kwa bando la usiku, mimi na mpwa tunapokezana kuamka kuangalia kama intaneti haijakatika. Asubuhi ya nne tukaifungua. Kioo kikawa cheusi, moyo ukapiga, kisha kikaja kiboksi kidogo cha kijivu kikisema kadi hii haina kiwango cha DirectX 12 kinachohitajika, 12_0. Kitufe kimoja tu, OK. Mpwa akanigeukia polepole. "Anko, si ulisema umeuliza?"

Hiyo sentensi imenikaa kifuani mpaka leo.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili hakuna muuzaji atakayewaambia. Ule mstari alionionyesha hausemi lolote kuhusu kadi. Unataja DirectX iliyomo ndani ya Windows. Fungua dxdiag kwenye mashine yoyote ya Windows 10, hata ile kompyuta ya stesheneri inayochapa barua za kuomba kazi, utakuta imeandikwa 12. Ni sawa na kuuliza kama mtoto anajua kusoma, ukaonyeshwa kabati la vitabu la baba yake.

Kadi yenyewe inasomwa kwenye kichupo cha pili, kilichoandikwa Display. Kuna mstari unaitwa Feature Levels, yaani viwango ambavyo kadi inaviweza, umejificha katikati ya maneno mengine, na pale ndipo kadi inapovuliwa nguo. Yangu iliandika 11_1, 11_0, 10_1, ikaendelea kushuka hivyo mpaka 9_1. Kumi na mbili haipo hata kwa dawa. Kijana angebonyeza mara moja tu zaidi ningeona. Mara moja! Kucha ile ingesogea sentimita tatu.

Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba hakudanganya. Nimelizungusha hili kichwani kila namna. Microsoft walipoitoa Direct3D 12, ile sehemu ya DirectX inayohusika na kuchora, pamoja na Windows 10 mwaka 2015, waliitengeneza iweze kuongea hata na kadi zenye kiwango cha 11_0. Kwa hiyo kadi yangu ni kweli "inakubali DirectX 12." Inaikubali kama mtu anayekubali mwaliko wa harusi akaja bila mchango. Gemu nyingi za siku hizi haziulizi kama unaikubali, zinauliza kama una kiwango cha 12_0 au zaidi, na huna. Ningempeleka kijana mahakamani angeshinda yeye, na gharama ningelipa mimi.

Lakini nilirudi dukani hata hivyo. Nilipanda zile ngazi nikiwa nimepanga maneno. Nikamweleza kwa upole kabisa, habari ya 11_1 na 12_0, nikamwonyesha picha niliyopiga kwa simu. Alikuwa anakula chipsi. Hakuacha kula. "Bosi, hapa tunauza kompyuta, gemu hatuuzi." Nikamwambia ndugu yangu, uliniambia inakubali. Akanyoosha kijiti cha meno kuelekea mlangoni, sijui alimaanisha nini, akasema, "Kasasishe draiva. Itakubali yenyewe."

Wateja wawili walikuwepo, wakacheka. Walicheka kwa sababu ya kijiti nadhani, ila walicheka.

Na mimi mtu mzima nikaenda kusasisha draiva! Hapa naomba niseme jambo kuhusu draiva. Draiva ni mshenga. Gemu haiongei na kadi moja kwa moja, inapeleka posa kwa lugha iliyokubaliwa, iwe Direct3D, iwe OpenGL, iwe Vulkan, na draiva ndiye anayebeba maneno hayo kwenda kwa kadi na kurudisha jibu. Mshenga anaweza kuongeza ufasaha, anaweza kuondoa kigugumizi, ila hawezi kumpa bwana harusi shamba asilokuwa nalo. Kama silikoni haina uwezo wa 12_0, hakuna draiva duniani ya kuuleta. Hilo sikulijua siku hiyo.

Nikaingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza ile chipu. Jina lake nalimeza, nina sababu zangu. Nikaitafuta kadi yangu nikaikuta kwenye orodha ya wazee. Draiva ya mwisho ni ya miaka kadhaa nyuma, na chini yake maneno ya adabu sana, kwamba hakutakuwa na nyingine. Feni ya kadi inazunguka. Nimeipuliza vumbi, nimeipaka gundi mpya ya joto, haina hata kovu. Hakuna kilichoharibika isipokuwa kwamba watu fulani kwenye ofisi fulani waliamua hawataki tena kuishughulikia. Najua mtaniambia wahandisi wanalipwa mishahara, hawawezi kutunza kila kadi milele. Nalielewa hilo. Hapana, silielewi. Nilinunua kitu au nilikodi?

Basi kwa kiburi nikachukua draiva mpya zaidi, ya kadi za rika la baadaye, nikailazimisha. Iliifuta ile ya zamani kwanza, kwa utulivu, halafu ndipo ikaniambia kadi hii siitambui. Mashine ilipowaka tena aikoni zilikuwa kubwa kama sahani za pilau. Kwenye orodha ya vifaa, badala ya jina la kadi yangu, pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Nikapima OpenGL, nikapata 1.1. Hiyo ni ya mwaka 1997, wandugu! Na hata hiyo inachorwa na prosesa, kadi imekaa tu inakula umeme. Hata gemu ya matofali anayocheza binti yangu mdogo ikakataa kufunguka. Siku hiyo ningeandika haya maoni msingesoma, yangefutwa.

Nyota sifuri. Nilikuwa hapo.

Aliyenitoa shimoni ni fundi simu wa mtaani kwetu, mtu mpole, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Aliitazama mashine, akauliza, "Kaka, lazima iwe Windows?" Nikamwambia sasa hivi hata ikiwa jiko la mkaa sawa. Akaja na flashi ya Linux. Akaiweka, halafu kabla haijawaka vizuri akaongeza maneno mawili kwenye ule mstari wa kuwashia mfumo, ili kadi ishikwe na draiva ya kisasa badala ya ile ya zamani. Ikawaka. Akaandika amri moja, maandishi yakamiminika, akaninong'oneza, "Ona, Vulkan 1.3."

Nilimfanya arudie. Vulkan yenyewe ilitolewa na Khronos, muungano wa makampuni ya teknolojia, mwaka 2016, na hiyo 1.3 ni ya mwaka 2022. Kadi yangu ilitoka kiwandani kabla Vulkan haijazaliwa. Kampuni iliyoizaa imeshaiandika kwenye orodha ya wazee, na huku kuna watu wa Mesa, mradi wa draiva huria ambao Brian Paul aliuanzisha mwaka 1993, bado wanaifundisha lugha mpya. Baadhi wanalipwa na makampuni, baadhi wanafanya kwa mapenzi yao tu usiku. Sijui niwashukuru kwa njia gani. Nikiwaona nitawanunulia soda.

Fundi akaweka na DXVK, programu inayochukua maneno ya Direct3D ya toleo la 9, 10 na 11 na kuyageuza kuwa Vulkan palepale gemu inapochezwa. Gemu ya magari niliyokuwa nayo ya miaka ya nyuma, ambayo kwenye Windows ilikuwa inakohoa, ikaenda laini. Siyo mara moja. Mzunguko wa kwanza ilikuwa inashtuka kila kona, kwa sababu vijiprogramu vya kuchorea vinatayarishwa kwa mara ya kwanza. Mzunguko wa pili ikatulia. Nilikaa na usukani wangu wa kibodi mpaka adhana ya alfajiri. Kwa usiku ule mmoja nilikuwa natoa nyota nne, na kijana wa duka nilikuwa nimemsamehe, hata kile kijiti.

Kisha mpwa akaja Jumamosi na swali lake. "Anko, ya mpira?"

Ya mpira haikubali. Safari hii si suala la 12_0 peke yake. Ina mlinzi wake wa kukamata wanaodanganya mtandaoni, anayetaka kukaa ndani kabisa ya moyo wa Windows, na akikuta yuko kwenye Linux anafunga mlango. Hata ningekuwa na kadi ya milioni tatu jibu lingekuwa lilelile. Mpwa akachukua kibodi ya kucheza magari, akacheza kama dakika kumi kwa heshima, akasema ana kazi ya shule. Jumamosi! Kazi ya shule!

Basi nyota mbili. Moja ni ya fundi simu na wale wa Mesa, kwa hiyo duka lisijipongeze. Ya pili ni ya boksi lenyewe, ambalo kusema haki halijawahi kuzima bila sababu, na umeme wa kwetu mnaujua.

Nilitaka kuishia hapo, ila wiki iliyopita nilipita tena Kariakoo. Nilijiambia nakwenda kununua waya. Nikajikuta kwenye zile ngazi. Kijana yupo, kucha ipo, na mbele yake mama mmoja na mtoto wa kiume wa umri wa mpwa wangu. Nikasikia kibodi, nikaona dirisha lilelile, kidole kikashuka kwenye mstari uleule. "Soma mwenyewe, mama."

Sikuvumilia. Nikasema kwa sauti, duka zima lisikie, "Mama, mwambie afungue hapo penye Display!" Yule mama akanitazama kama mimi ndiye tapeli. Kijana hakugombana. Akabonyeza Display, akasogeza kucha mpaka Feature Levels, akaniachia nafasi nisogee. Pameandikwa 12_1, 12_0, 11_1.

Nikasema, "Basi hiyo sawa."

"Si nilikwambia, bosi?" akasema, na kumwambia yule mama kwamba huyu ni mteja wetu wa siku nyingi, anazijua sana hizi kadi. Mama akalipa. Nilipokuwa nageuka niondoke na waya ambao sikuununua, akaniita, sauti ya chini, bila kijiti safari hii. Ana nyingine kama ile. Nilete yangu, niongeze laki tatu.

Nilimwambia hata siku moja. Mpaka naandika hapa nimeshapata laki na themanini.